Miaka Thelathini na Mmoja ya Kuuliza "Umesikiaje?"

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, muuguzi mwandamizi wa kituo chetu cha afya, ambaye mji mzima unamwita Mama Umesikiaje, anakabidhi funguo na kustaafu baada ya kulitumikia jengo hili kwa miaka thelathini na mmoja. Uongozi umeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida la wafanyakazi, uwe mfupi, uwe wa furaha, na usiguse mambo ya zamani kwani yaliyopita si ndwele. Mimi ni mtu wa dirisha la dawa. Kwa ninavyojua, yaliyopita ukiyafunga bandeji bila kuyasafisha ndiyo ndwele yenyewe. Kwa hiyo furaha nitaiweka inapostahili, na mengine nitayaweka yalivyo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Alifika hapa akiwa binti mwembamba mwenye viatu vikubwa kuliko miguu yake, wakati kituo kilikuwa na vyumba vitatu na paa lililovuja juu ya mizani ya watoto, kiasi kwamba siku za mvua kila mtoto aliongezeka uzito. Alichoma sindano, akafunga vidonda, akazalisha, akachanja, na akafagia pale mfagizi alipokosekana. Baadaye akapewa chumba namba tano, chumba cha ushauri kwa wagonjwa, kilichotenganishwa na dirisha langu kwa ukuta wa mbao mwembamba. Akipiga chafya kule, mimi huku namwitikia "Afya!" Ndivyo nilivyokuwa mwanafunzi wake bila kujiandikisha.

Wengi wetu tukimaliza kumweleza mgonjwa huuliza, "Umeelewa?" Jamani, nani atasema hapana mbele ya koti jeupe? Wote hujibu ndiyo, asante, sawa, kisha wanakuja dirishani kwangu, wanainua pakiti juu kwenye mwanga na kuuliza hizi ni za nini. Yeye neno hilo alilipiga marufuku chumbani mwake. Aliuliza, "Umesikiaje?" Kisha alinyamaza. Akiona mtu anababaika, aliongeza, "Ukifika nyumbani wakikuuliza umeambiwa nini, utawajibuje?" Halafu ananyamaza tena. Kimya chake kilikuwa kizito. Kuna siku nilijikuta nimeacha kuhesabu vidonge nataka kujibu mimi.

Kuna mzee mmoja mkaidi aliyekuwa akimaliza vidonge vyake vya presha kabla mwezi haujafika katikati. Mimi nilimshuku anaviuza. Daktari alishuku ni uzee. Mama Umesikiaje alimkalisha, akamwuliza amesikiaje, na mzee akaeleza bila wasiwasi wowote: aliambiwa ni dawa ya presha, na presha yake ilikuwa ikipandishwa na mke wake, kwa hiyo kila bibi alipofungua mdomo yeye alimeza kimoja. Siku ambazo shemeji alikuja kutembea, alimeza viwili. Kituo kizima tulicheka hadi machozi. Mama hakucheka mbele yake. Alimweleza upya, akamwuliza tena, akamwomba aoneshe kwa vidole asubuhi ni ngapi na jioni ni ngapi. Mzee yule angali hai. Mke wake pia, na mdomo bado anaufungua.

Juu ya meza yake palikuwa na vifuniko vitatu vya chupa za dawa, kimoja cheupe, kimoja chekundu, kimoja cha buluu. Cheupe kilikuwa njia ya kwanza ya matibabu, chekundu ya pili, na cha buluu kilikuwa kutofanya chochote. Hicho cha buluu ndicho kilichowaudhi wakubwa. Yeye alisema kukaa bila kufanya kitu nako ni safari, kuna nauli yake, na abiria aambiwe nauli kabla hajapanda. Alieleza kila kifuniko kinaleta nini, kinachukua nini, na nini hakuna anayekijua. Mgonjwa akimwuliza yeye angefanyaje, alijibu ukweli wake, kisha akakumbusha kwamba mwili si wake. Baada ya hapo aliweka mikono mapajani, mgonjwa asogeze kifuniko mwenyewe.

Na viti vilikuwa vitatu. Swali lake la kwanza halikuwa kuhusu ugonjwa, lilikuwa nani nyumbani kwenu ana neno la mwisho. Alishachoka kumweleza mtu vizuri hapa, halafu mtu akifika kwake anageuzwa mawazo na shemeji hata viatu hajavua. Mwenye neno la mwisho aliitwa, akaketi kiti cha tatu, akasikia yote kwa masikio yake; ila kusogeza kifuniko haikuwa kazi yake. Kuna mama mkwe mmoja aliyemjibia mke wa mwanawe kila kitu, uzazi wa mpango, hedhi, hadi maumivu ya tumbo lisilo lake. Mama Umesikiaje akamkabidhi mjukuu, akamwomba kwa adabu zote amtoe nje kidogo apate jua. Mama mkwe aliporudi mtoto amelala, binti keshaamua, naye mwenyewe akajiweka kwenye kiti cha mgonjwa akaomba apangiwe vifuniko vyake, kumbe ana lake la miaka.

Hiyo ndiyo furaha niliyoagizwa. Sasa nafika pale nilipoombwa nisifike.

Sare niliyovaa leo ilishonwa na fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ya kituo, mwanamke mjane, mcheshi, mwenye ugonjwa wa sukari wa miaka mingi. Alitushonea sote. Yangu aliiongezea mfuko wa funguo bila kuombwa, eti amechoka kuniona nikizishika kwa meno. Siku moja alikanyaga sindano yake mwenyewe chini ya cherehani, na kwa kuwa sukari ilishaua hisia za unyayo, alitembea nayo mpaka mguu ukavimba. Hospitali kubwa walimwambia mguu ukatwe, na ukatwe upesi. Aliporudi kwetu kusafishwa kidonda, Mama Umesikiaje alimwingiza chumba namba tano, na kaka yake, mwenye neno la mwisho katika familia ile, akaitwa kiti cha tatu.

Niliyasikia yote kupitia zile mbao. Kifuniko cheupe, kukata sasa. Chekundu, dawa kali na kusafishwa kila siku huku akisubiri, na hatari zake zikatajwa moja moja bila kupakwa asali. Cha buluu, kwenda zake nyumbani, na mwisho wake ukatajwa pia. Fundi akamwuliza yeye angefanyaje. Akajibiwa waziwazi kwamba yeye angekata, na angekata wiki ile ile. Kisha akaulizwa amesikiaje. Nakumbuka alivyojibu, maana nilikuwa nimesimama na chupa mkononi. Alisema, nikikata nabaki bila mguu wa kukanyagia cherehani, lakini nabaki. Nikisubiri, kidonda kinaweza kupanda, kinaweza kuingia kwenye damu, na kikiingia watoto wangu wanabaki yatima. Lakini mwanangu wa mwisho yuko kwenye mitihani, na nikilazwa sasa ataacha mitihani aje kukaa wodini na mimi, namjua. Akimaliza, nitakuja mwenyewe kwa miguu yangu miwili, mnichukue mmoja. Akacheka, akasogeza kifuniko chekundu.

Mama Umesikiaje hakuridhika. Alimrudia kesho yake na siku zilizofuata, alimfundisha dalili za kumkimbiza hospitali bila kungoja mtihani wala harusi, na jioni alipitia kwake kumwangalia. Kila mara alimwuliza kama bado anasimama kwenye neno lake, na fundi alisimama. Kaka mtu naye aliulizwa amesikiaje. Alikuwa anachezea simu. Alijibu kwamba yeye si mgonjwa, aulizwe nini?

Homa ilimpanda fundi mitihani ikiwa inaelekea ukingoni. Alijua maana yake, na akakaa nayo kimya mpaka mtoto aliporudi na kalamu yake kutoka mtihani wa mwisho. Alipofikishwa hospitali maji yalikuwa yameshazidi unga. Tulimzika tukiwa tumevaa nguo alizotushonea.

Baada ya msiba kaka mtu alikuja hapa, akasimama katikati ya korido, mbele ya foleni nzima ya wagonjwa, akapiga kelele kwamba tulimkalisha dada yake kwenye kiti tukaongea naye mpaka akafa. Mama Umesikiaje alitoka chumba namba tano akasimama mbele yake, mikono chini, akayapokea yote. Sikumlaumu yule bwana siku ile. Aliyefiwa ana ruhusa ya kusema lolote. Niliowalaumu, na ninaowalaumu hadi leo, ni wenye akili zao timamu waliolichukua neno la mfiwa wakaliitishia kikao.

Kikao kile nilikaa kama mwakilishi wa wafanyakazi. Hakuna aliyeuliza kama mgonjwa alielezwa, kwa sababu wote walijua alielezwa. Muuguzi aliulizwa kwa nini hakumtisha mgonjwa, hata kidogo tu. Aliulizwa kwa nini hakumpa kaka fomu atie sahihi, mambo yaishe. Mjumbe mmoja mwenye suti nzuri alisema mgonjwa ni kama mtoto, haachiwi wembe. Mkuu wa kituo, ambaye hakuwa na ubaya naye ila alikuwa na hofu na waliomtuma, akaongeza kwamba hata hivyo muuguzi huyu ana mazoea ya kumpa mtu mmoja muda wa watu kumi. Mama Umesikiaje alijibu mara moja tu. Alisema, "Hatari yote nilimwambia ilivyo, ya kuongeza sikuwa nayo. Nililia kwangu usiku, mbele yake sikulia. Mguu ulikuwa wake." Mimi niliposimama kueleza nilichosikia kupitia ukuta, nikaambiwa mtu wa dawa azungumzie dawa. Nilizungumza hivyo hivyo, hadi kipaza sauti kikazimwa.

Wakampa onyo kali na kumhamishia chumba cha kuchemshia vyombo. Miaka minne ya mwisho ya utumishi wake, mtu aliyejua kukaa na mgonjwa kuliko yeyote kati yetu aliimaliza na mikasi na makoleo, kwenye mvuke, kwa sababu mkasi hauna la kuamua. Asante ya punda ni mateke. Hakulalamika, na hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Nilikuwa nikienda kuchukua vyombo namkuta amekunja shashi kwa unadhifu kama nguo za mtoto mchanga, nami namwambia mama, sema kitu, na yeye ananiambia angalia usiungue.

Chumba namba tano kikawa stoo ya maboksi ya glavu. Mahali pake tuliletewa televisheni, ikapigiliwa ukutani juu ya benchi la kusubiria, ili iwaelimishe wagonjwa wote kwa mpigo. Ndani yake yumo daktari mmoja mwenye meno mazuri anayewaambia watu wanywe maji ya kutosha. Aghalabu inakwama kwenye kipindi kimoja, kwa hiyo nimeona wazee wenye ngiri wakisikilizishwa kunyonyesha asubuhi nzima. Hawalalamiki nao. Televisheni haiulizi umesikiaje, na ukiiuliza kitu inaendelea kutabasamu. Foleni ya daktari imekuwa fupi, tumepewa cheti cha kituo chenye foleni fupi, kimewekwa kwenye fremu. Foleni yenyewe haikwenda popote, imehamia dirishani kwangu, inainua pakiti kwenye mwanga na kuuliza hizi ni za nini.

Na leo, kwa kumuaga mtu tuliyemwadhibu kwa kuwapa watu muda, tumenunua zawadi. Saa ya ukutani. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Aliyeichagua hakuwa na nia mbaya, nilimwuliza. Alisema ni nzuri na inang'aa. Hilo ndilo linalonitia uchungu, kwamba hakuna hata mmoja aliyeona.

Ningeishia hapa, tukapiga makofi, tukala keki. Lakini wiki mbili zilizopita mtu mmoja alikuja dirishani kwangu kwa magongo. Sikumtambua mpaka aliposema jina la fundi. Ni yule kaka. Sukari iko kwenye damu ya ile familia, na kidole chake cha mguu kilioza. Alikwenda hospitali kubwa, akaambiwa wataondoa sehemu iliyoharibika, akasema ndiyo, akaambiwa weka sahihi hapa, akaweka. Yeye alijua ni kidole. Alipozinduka kutoka kwenye usingizi alipapasa chini ya shuka akakuta mguu unaishia chini ya goti.

Nataka nitende haki. Labda walikata pale palipostahili kukatwa, na huenda ndiyo maana yuko hai. Mimi nahesabu vidonge, siwezi kumhukumu mtu wa kisu. Lakini yule bwana alisimama pale dirishani, mtu mzima, mwenye sauti ile ile iliyojaza korido yetu, ananiuliza taratibu kama mtu anayeuliza njia: kidole na goti vinahusianaje? Nani aliamua? Wangemwambia, angekubali? Alisema anajiuliza kila siku na hajui. Alinieleza kwamba kabla ya kutia sahihi kila mtu alimwuliza kama ameelewa, naye akamjibu kila mmoja ndiyo, daktari.

Akamtaka Mama Umesikiaje. Nikamwambia yuko kwenye likizo yake ya mwisho, ataonekana siku ya kuagwa. Akaomba aruhusiwe aje, aseme maneno machache tu mbele ya watu, pale pale alipopigia kelele. Nilipeleka ombi lake. Nikajibiwa kwamba hafla ni ya wafanyakazi, na kwamba suala lile lilishafungwa. Nikarudi kumwambia, naye akaegemeza magongo yake dirishani, akanituma salamu. Mjumbe hauawi. Endapo uongozi utakiondoa kipande hiki kwenye jarida, nitakisoma kwenye kipaza sauti, na safari hii waya wake nimeukalia mimi.

Mama Umesikiaje, salamu zako ndizo hizi, na nimemrudishia mwenyewe neno kwa neno ili nihakikishe nimesikia sawasawa. Anasema: "Mwambieni kwamba dada yangu alikufa akijua. Mimi nimepona, na sijui. Nilikaa kile kiti cha tatu nikasema si mgonjwa. Mwambieni nilimkosea, na ningekuwa na nafasi ya kukaa tena, ningeweka simu chini."

Uongozi ulishindwa kuliondoa onyo lako, mama. Nadhani yeye ameliondoa.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, wakiwemo waliokaa kimya, tunakushukuru kwa miaka yako yote. Vifuniko vyako vitatu ulivyonikabidhi siku ulipohamishwa ninavyo, viko safi, nitakuletea nyumbani pamoja na kile kiti cha tatu nilichokificha nyuma ya kabati la dawa, maana najua watu watakufuata huko huko. Lala mpaka jua likuchome. Cheka na wajukuu. Saa yetu itundike unapotaka, au usiitundike. Na siku ukiugua, kwa maana hata muuguzi huugua, Mungu akukutanishe na mtu wa kukukalisha, akueleze yote bila kuficha wala kutisha, kisha anyamaze na akuulize umesikiaje. Usije kumtafuta hapa. Kuanzia Jumatatu hatutakuwa naye.